Uchumi unapodorora, moshi huhamia wapi?

Mpangaji wa Kayole:
Ndugu wanajukwaa, nimesoma kwamba uchumi unapodorora mazingira hupata nafuu, kwa kuwa viwanda hupunguza kazi na magari hupungua barabarani. Sioni jambo hilo likilingana na niliyoyashuhudia katika ploti yetu. Mwaka 2022, bei ya mtungi wa gesi wa kilo 13 ilipopita shilingi 3,000, majirani watatu waliusukuma mtungi chini ya kitanda wakarudia jiko la makaa, nasi sote, wenye gesi na wasio nayo, tukawa tunavuta moshi ule ule wa ukumbini. Je, nafuu inayosemwa ni ya nani?

Mwalimu Mstaafu:
Uliyoyasoma si uongo. Mwaka 2009, msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani ulipoenea, hewa ya ukaa inayotolewa duniani ilipungua kidogo, lakini mwaka uliofuata ilipanda na kupita kiwango cha awali. Moshi unaopungua hapo ni wa viwanda. Ule wa majumbani huongezeka, na si kwetu tu: Ugiriki, ikiwa imebanwa na madeni, ilipandisha ushuru wa mafuta ya kupashia nyumba joto mwaka 2012, na msimu wa baridi uliofuata wakazi wa Athens na Thessaloniki walichoma kuni, hata mbao za samani kuukuu, mpaka moshi ukatanda juu ya miji yao. Kenya nayo, hazina ilipohitaji mapato, ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia mwezi Julai 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka 2022, na kuiondoa mwaka 2023. Serikali iliyopungukiwa hutoza kile ambacho mwananchi hawezi kukwepa kukinunua, ila chakula chaweza kupikwa kwa makaa.

Binti wa Kitui:
Kwa heshima, Mwalimu, naomba kuongeza habari za mchomaji wa makaa. Kijana aliyeachishwa kazi Nairobi hurudi nyumbani, na kama mvua nayo imekosekana, kilichobaki shambani ni mti. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya makaa hula kilo sita za kuni au zaidi. Kwa hiyo dhiki ile ile inayoongeza wanunuzi mjini huongeza wachomaji kijijini, na ndiyo sababu marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018, haikuzima majiko.

Muuguzi wa Zamu:
Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mama akiniletea mtoto mwenye nimonia, simuulizi kama ana gesi. Namuuliza iliisha lini. Tafadhalini, jiko la makaa lisilazwe ndani ya chumba mnacholala, hata likionekana limezimika, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu.

Mpangaji wa Kayole:
Nawashukuru nyote. Nitamwomba mwenye ploti aturuhusu kupikia uani, jambo ambalo mpaka sasa amelikataza kwa hoja kwamba masizi yanaharibu rangi ya ukuta.