Naomba ushauri: pampu ya maji inawaka na kuzima kila mara

Habari zenu ndugu. Pampu ya nyumbani yenye tangi la presha la lita 24 inawaka na kuzima kila sekunde 3 bomba likiwa wazi, na naogopa mota itaungua. Swichi ya presha inawasha kwenye bar 2 (bar ni kipimo cha presha), inazima kwenye bar 3. Nilizima umeme, nikamwaga maji yote, nikajaza upepo kwenye tangi hadi bar 1.8. Ilitulia siku 5 tu, upepo ukashuka hadi 0.5. Povu la sabuni halikuonyesha uvujaji kwenye valvu ya kujazia upepo wala maungio. Nikiibonyeza valvu hutoka upepo mtupu. Mpira wa ndani ya tangi, unaotenganisha maji na upepo, ukipasuka, kwa kawaida hapo hutoka maji.

Je, mpira unaweza kupitisha upepo polepole bila kupasuka? Nibadilishe mpira peke yake au tangi zima?