Kuichora upya bodi ya nyongeza iliyomo ndani ya kiendeshi cha Commodore 1541

Mkaazi wa Wete

Assalaam alaykum. Ninacho kiendeshi cha diski cha Commodore 1541 ambacho aliyekimiliki kabla yangu alikiongezea bodi ndogo: kichakataji cha 6502 kimetolewa kwenye soketi yake na kuhamishiwa juu ya bodi hiyo, na bodi yenyewe ikachomekwa mahali pake. Juu yake mna ramu ya 6264 (kumbukumbu ya muda ya kilobaiti 8), epromu ya 27128 (kumbukumbu ya kudumu inayofutika kwa mwanga wa urujuanimno) na chipu moja ya pini 20 iliyokwanguliwa maandishi yote. Upo pia waya bapa unaotoka kwenye chipu ya 6522 (ya kuingizia na kutolea data) iliyo jirani kwenda kwenye kompyuta ya Commodore 64. Hakuna karatasi wala mchoro uliobakia. Hewa yetu ya chumvi imeshaanza kuzila njia za shaba, nami sitaki bodi hii ife kabla haijaeleweka. Nataka kupata mchoro kamili utakaoniwezesha kutengeneza nyengine. Nianzie wapi, na je, chipu iliyokwanguliwa ndiyo itakayonikwamisha?

Fundi wa Mlandege

Waalaykum salaam, shekhe wangu. Usiwashe umeme bado. Anza na epromu, kwa sababu njia ya shaba iliyoliwa hutengenezeka kwa kipande cha waya, ilhali yaliyofutika ndani ya epromu hayarudi tena. Kifunike kidirisha chake kwa karatasi isiyopitisha mwanga, itoe polepole kwa kuinua ncha zote mbili kwa zamu, isome zaidi ya mara moja, kisha ulinganishe mafaili uliyoyapata. Yakitofautiana, safisha pini kwa spiriti usome tena. Kama hakuna mashine ya kusomea huko Pemba, niandikie, nitakutumia yangu kwa boti.

Epromu ya 27128 hubeba baiti 16,384, na huo ndio upana wa eneo la anwani za kuanzia $C000 hadi $FFFF (alama ya $ ni hesabu ya msingi wa 16), ambamo 1541 huweka programu yake katika chipu mbili za kilobaiti 8 kila moja. Yaelekea basi epromu yako imechukua nafasi ya zote mbili. Uhakika utaupata mwishoni mwa faili: 6502 inapoanza kazi husoma anwani ya kuanzia kwenye $FFFC na $FFFD, baiti ya chini ikitangulia, kwa hiyo baiti hizo mbili lazima zielekeze mahali palipomo ndani ya epromu. Zikielekeza pasipo na maana, shuku kwamba mtengenezaji alizipishanisha nyaya za anwani au za data. Tazama pia kama soketi za chipu mbili za asili ni tupu, maana haiwezekani chipu mbili zijibu anwani moja kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo linganisha faili lako na programu ya asili ya 1541, usome zile sehemu zilizobadilika tu. Katika kiendeshi cha kawaida ramu iko $0000 hadi $07FF, na 6522 mbili ziko $1800 na $1C00. Maagizo yanayogusa $1801 ndiyo yanayotumia ule waya bapa: lango hilo la 6522 ya kwanza liliachwa bila kazi katika matoleo ya mwanzo, na watengenezaji wa nyongeza wakalitumia kupitisha baiti nzima kwa pamoja, badala ya biti mojamoja kwenye waya wa asili. Toleo la 1541C lina kitambuzi cha traki ya mwanzo kwenye lango hilohilo, kwa hiyo hakikisha lako ni toleo gani. Maagizo yanayogusa eneo ambalo kiendeshi cha kawaida hakina kitu yatakuonesha ramu imewekwa wapi.

Kijana wa Chake

Ninauliza kwa nia ya kujifunza. Kwa nini asifunge kichambuzi cha ishara (kifaa cha kurekodi kupanda na kushuka kwa volti za pini) kwenye pini za chipu iliyokwanguliwa, akakiwasha kiendeshi na kurekodi? Kasi yake ni megahezi 1 tu, na vichambuzi vya bei nafuu vinaiweza bila ya shida.

Maalim wa Mkunazini

Rekodi hiyo itakuonesha yale ambayo programu ilibahatika kuyafanya siku hiyo, wala haitakuonesha chipu ingejibu nini katika hali ambazo hazikutokea. Kwa kuthibitisha inafaa sana, ila kwa kugundua haitoshi.

Tangulia na mita, umeme ukiwa umezimwa, ufuate kila pini inaelekea wapi. Kama pini nane zimeunganishwa moja kwa moja na nyaya za data, chipu hiyo huenda ni 74LS245, yaani kipitishi tu, na pini yake ya 1 itakuwa ya mwelekeo. Kama haigusi data kabisa, bali inapokea anwani za juu na kutoa amri kwenye ramu na epromu, basi karibu hakika ni PAL, yaani chipu ya mantiki ambayo mtengenezaji wa bodi huipangia kazi yake. Pini ya 1 na ya 11 ndizo za kuangaliwa zaidi. Katika familia ya PAL za 16R4, 16R6 na 16R8, ya 1 hupokea saa na ya 11 hufungua matokeo, na chipu za namna hiyo huweka kumbukumbu ya hali iliyopita, kwa hiyo kuzichambua ni kazi nzito. Katika PAL ya 16L8 zote mbili ni pini za kawaida za kuingizia, na matokeo hutegemea yanayoingia sasa hivi tu.

Ikiwa ni 16L8, iondoe kwenye bodi uipe michanganyiko yote. Pini za kuingizia tu ni 10, maana yake hali 1,024, ambazo kompyuta ndogo yoyote inazimaliza kwa dakika chache. Pini ya 12 na ya 19 ni za kutolea tu. Zile za 13 hadi 18 zinaweza kuwa za kuingizia au za kutolea, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Ifungie kila moja rezista ya omu 10,000, kwanza kuelekea volti 5 kisha kuelekea ardhi: pini inayofuata rezista haitoi kitu, na isiyofuata inatoa. Jedwali likikamilika utalifupisha kuwa milinganyo, na milinganyo hiyo utaiandika ndani ya GAL16V8, chipu ya mantiki inayoandikika upya, inayokaa kwenye soketi ileile.

Mkaazi wa Wete

Nawashukuru nyote. Soketi za asili ni tupu, na baiti za $FFFC zinaelekeza ndani ya epromu kama alivyosema Fundi. Chipu iliyokwanguliwa haigusi data hata kidogo. Inapokea nyaya za anwani za juu A13, A14 na A15, waya wa kusoma na kuandika, na saa ya pini 39 ya kichakataji, na A15 imeingia pini ya 1, kwa hiyo naiona ni 16L8. Jedwali linasema ramu huchaguliwa pale A15 inapokuwa juu, na A14 na A13 zikiwa chini. Lakini kwa nini kilobaiti 8 kamili, wakati sekta moja ni baiti 256 tu?

Maalim wa Mkunazini

Basi ramu yako ni $8000 hadi $9FFF. Kuhusu ukubwa, fanya hesabu: diski huzunguka mara 300 kwa dakika, yaani sekunde 0.2 kwa mzunguko, na katika traki za nje, zenye sekta 21, biti hupita kwa kasi ya takriban 307,692 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi unatoa karibu baiti 7,692. Ramu ya asili ya kilobaiti 2 haiwezi kuubeba, lakini baiti 8,192 zinautosha na nafasi inabaki. Mwenye kuibuni bodi hii alikusudia traki nzima inyakuliwe kwa mzunguko mmoja, ikiwa bado imefungwa katika msimbo wa biti 5 kwa kila 4, kisha ifunguliwe ndani ya ramu kwa utulivu. Nauona ni ubunifu wa hali ya juu kwa chipu tatu.

Katika milinganyo yako hakikisha amri ya kuandika kwenye ramu, pini ya 27 ya 6264, inashuka tu wakati saa ya pini 39 iko juu. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko anwani bado zinabadilika, na ukiiacha amri hiyo wazi, data itaandikwa mahali pasipo pake. Jaribu GAL kwanza ndani ya bodi ya zamani, na diski isiyo na kitu cha thamani, ndipo uagize bodi mpya.