Mashine mpya ya kunyonya unyevu inakwangua usiku kucha, muuzaji ananiambia ni kawaida!

Wadau mlio Uingereza, naomba nitoe dukuduku kabla sijapasuka.

Maisha ya flati za huku mnayajua. Novemba ikiingia nguo zinaanikwa ndani, madirisha yanatiririka maji, ukungu mweusi unapanda nyuma ya kabati. Ukimlalamikia mwenye nyumba anakwambia fungua dirisha, na nje ni nyuzi 3! Nikajikamua, nikanunua mashine ya kunyonya unyevu, ile ya kompresa, yaani yenye pampu ya kugandamiza gesi ya kupozea. Kwenye boksi wameandika desibeli 38. Za wapi hizo? Mtoto anashtuka usingizini, jirani wa chini anagonga dari.

Nikipiga simu dukani: "Kompresa zote hupiga kelele, safisha filta." Filta gani, jamani? Mashine yenyewe bado inanuka plastiki ya dukani!

Kelele za mashine hizi hazifanani, na mimi nazijua. Ikibubujika ndani kwa ndani, hiyo ni gesi inazunguka kwenye mabomba, haina shida. Ikinyamaza kuvuma kwa dakika kadhaa huku inatoa sauti ya "shhh", inayeyusha barafu, maana chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi koili, yale mabomba ya baridi ya ndani, huanza kuganda. Hapo sina ugomvi nayo. Sakafu ya mbao ikinguruma pamoja nayo, iwekee mpira mnene chini. Ndoo ya maji ya ndani ikikaa upande itagongagonga. Isukume kwa kiganja, ikinyamaza mchawi umempata.

Yangu nimeisogeza mbali na ukuta, nimeihamishia kwenye sakafu ya zege, nimeikandamiza mbavu zote. Inakwangua tu. Na inakwangua hata nikiiweka kwenye feni peke yake, kompresa imezima! Sasa kompresa inaingiaje hapo? Ni feni: ama panga limepinda linagusa ganda, ama beringi imekufa.

Dukani wananiambia eti nitafute fundi aifungue. Ili kesho waseme nimeharibu waranti? Halafu hii ina gesi ya R290, yaani propani, inashika moto. Si ya kuchokonoa na bisibisi sebuleni.

Walipoona sing'oki wakanielekeza kwa kiwanda. Mimi kiwanda sikijui, pesa yangu walichukua wao! Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 iko wazi: anayewajibika ni aliyekuuzia. Kitu kibovu unakirudisha ndani ya siku 30 na kupewa hela yako yote. Zikipita, ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, akishindwa unamrudishia. Na kwenye hatua hiyo ya baada ya siku 30, ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6, yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba kitu kilikuwa kizima alipokuuzia. Ndiyo maana wimbo wao ni "tupe siku chache, tunafuatilia." Wanafuatilia kalenda hao, wanangoja 30 zipite!

Leo nimeacha simu, nimewaandikia barua pepe: nairudisha mashine, nataka pesa yote, na video ya kelele nimeiambatanisha, inasikika wazi ikiwa kwenye feni tu.

Kama kuna aliyezungushwa hivi akalipwa, aseme alipitia wapi, benki au mahakama ya madai madogo. Ila anayekuja kunishauri nisafishe filta apite kimya kimya, leo sina subira hiyo.