Mjadala: Sheria ibane saa za mchezaji, au ibane mitego iliyomo ndani ya gemu?

Kipanga (mtoa hoja)

Wakuu, hoja ni hii: magemu ya RPG ya mtandaoni, yale ya kumkuza mhusika wako na ambayo dunia yake inaendelea hata wewe ukiwa umelala, yawekewe kikomo cha saa kisheria kwa kila aliye chini ya miaka 18. Nasema RPG makusudi. Gemu la mpira lina filimbi ya mwisho, hili halina. Ukimaliza leveli kuna silaha, ukipata silaha kuna reidi (vita vya kundi kubwa dhidi ya maadui wakubwa), na ukimaliza reidi linatoka toleo jipya, ile silaha uliyoihangaikia miezi inapitwa na panga la kuokota njiani.

Shirika la Afya Duniani limeshauingiza uraibu wa magemu kwenye orodha yake ya maradhi, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. China nayo imechukua hatua: tangu Septemba 2021 kampuni haziruhusiwi kumhudumia mtoto ila saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Anayepinga aje na dawa yake, asije na "wazazi wawajibike" peke yake.

Nahodha wa Reidi

Napinga, Mkuu, na naanzia hapo hapo China. Kikomo chao cha kwanza ni cha 2007: saa 3 za mwanzo mtoto anapata pointi zote, kuanzia saa ya 3 hadi ya 5 anapata nusu, baada ya hapo sifuri. 2019 wakashusha hadi dakika 90 siku za kawaida. 2021 ndiyo hiyo saa moja. Upenyo ni ule ule miaka yote, akaunti ya mtu mzima. Ndiyo maana 2021 kampuni ya magemu ya Tencent ilianza kupima sura za wanaocheza usiku kwa akaunti zilizosajiliwa kama za watu wazima. Korea Kusini nayo, kuanzia Novemba 2011, iliwafungia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Sheria ilibana kompyuta ikaiacha simu, na wengine wakaingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi. Kufikia Januari 2022 ilikuwa imeshafutwa.

Lakini hata isingekwepeka, inapima kitu kisicho chenyewe. Chukua reidi ya daraja la juu kabisa katika World of Warcraft. Imeundwa kwa watu 20. Tanki wawili (wa kupokea mapigo), waponyaji wanne au watano, waliobaki ni wapigaji. Chama, yaani kundi la wachezaji, kinapanga usiku mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa tatu hadi nne kila mara, na bosi (adui mkuu) mmoja mgumu anaweza kula majaribio mia na zaidi kabla hajaanguka. Mponyaji mmoja akikosa, jioni ya watu 19 imeharibika. Huyo mponyaji hata siku ambayo gemu limemchosha atakuja, kwa sababu ya aibu. Ukimwekea kikomo cha saa, hujaiondoa aibu. Umemwongezea sababu ya kutafuta akaunti ya babu yake.

Kipanga

Sawa, lakini hiyo ni sababu ya kubana zaidi. Kama wenzake 19 nao wamefungiwa saa hiyo hiyo, hakuna wa kumwonea aibu. Ndiyo faida ya sheria kuliko ya mzazi mmoja mmoja: inawafunga wote kwa mpigo.

Nahodha wa Reidi

Ingekuwa hivyo kama chama kingekuwa cha watoto watupu. Vyama vina mchanganyiko: mtoto wa miaka 15, mhasibu wa miaka 34, nesi wa zamu.

Fundi Namba

Niweke hesabu mezani, maana wachezaji wanasema "bahati" na hakuna anayeipigia hesabu.

Chukua kitu ambacho bosi akifa kinadondoka kwa asilimia 1, mathalani farasi wa kifahari wa bosi fulani. Wengi wanadhani majaribio 100 yanatosha. Hapana. Baada ya majaribio 100, takriban watu 37 katika kila 100 bado mikono mitupu. Nusu ya watu watakuwa wamekipata kufikia jaribio la 69. Ukitaka uhakika wa asilimia 90 unahitaji 230, na wa asilimia 99 unahitaji 459. Sasa bosi mwenyewe anafunguka mara moja kwa wiki. Majaribio 230 ni wiki 230, miaka minne na miezi mitano hivi. Na jaribio la 230 lina asilimia 1 ile ile ya jaribio la kwanza, gemu halikumbuki ulichokosa. Anayesema "nimeshakaribia" hajakaribia popote.

Kuna namba nyingine inayodanganya jicho. Katika RuneScape ujuzi unafika leveli 99 kwa pointi 13,034,431. Leveli 92 ni pointi 6,517,253. Yaani ukiwa 92, skrini inaonyesha zimebaki leveli saba, kumbe ndiyo kwanza umevuka nusu ya njia. Hapo mtu hawezi kuacha kwa sababu anaona amebakiza hatua saba.

Upande wa gacha, yaani kupata wahusika kwa kubahatisha, gemu la Genshin Impact walau imeandika uwezekano wake: asilimia 0.6 kwa kila mvuto (jaribio moja la kubahatisha) kumpata mhusika wa nyota tano, na ukifika mvuto wa 90 bila kumpata, unapewa. Ila unayepewa anaweza asiwe yule unayemtaka, ni yeye au mwingine. Ukikosa mara ya kwanza, wa nyota tano anayefuata ni lazima awe yeye. Basi siku mbaya kabisa ni mivuto 180. Kila mvuto ni vito 160, jumla 28,800. Na vito hivyo hununui moja kwa moja: pesa inageuka kristali, kristali inageuka kito, kito kinageuka tiketi. Geuza mara tatu, mtoto hajui tena ametumia pesa ngapi. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni ya gemu hilo: dola milioni 20, na marufuku ya kuwauzia walio chini ya miaka 16 masanduku ya bahati nasibu bila idhini ya mzazi. Hakuna aliyegusa saa.

Mkongwe

Wakuu, msifanye kama uraibu umeletwa na masanduku ya kununua. EverQuest ilitoka Machi 1999, bila sanduku wala tiketi, ada ya mwezi tu, na wachezaji wenyewe waliibatiza jina la dawa ya kulevya. Ukifa mle, vifaa vyako vyote vinabaki juu ya maiti yako, unarudi hai mahali pa mbali bila kitu, na pointi umekatwa. Pengine unashuka leveli. Inabidi uifuate maiti kule kule kulikokuua, uchi, na ukichelewa mno inaoza na vyote vilivyomo. Nani anazima kompyuta saa saba usiku maiti yake ikiwa ndani ya pango?

Final Fantasy XI ilikuwa inamkaribisha mtu kwa onyo la kutosahau familia, marafiki, shule na kazi. Gemu hilo hilo, mwaka 2008, chama kimoja kilipigana na bosi mmoja zaidi ya saa 18 mfululizo, watu wakaanza kutapika na kuzimia, wakaacha bila kushinda. Baadaye kampuni ikaweka kikomo: bosi anatoweka baada ya saa mbili. Huo ndio ushauri wangu kwako Kipanga. Kikomo kiwekwe kwa bosi.

Na kuna somo la zamani zaidi. Majaribio ya World of Warcraft, kabla haijatoka Novemba 2004, yalikuwa na mfumo wa uchovu: ukicheza sana, pointi zinapungua. Wachezaji wakachukia mno. Wabunifu wakageuza maneno, namba zikabaki zile zile: kile cha kawaida kikaitwa bonasi ya kupumzika, asilimia 200, na kile cha uchovu kikaitwa kawaida, asilimia 100. Malalamiko yakaisha. Ukimwacha mhusika kwenye nyumba ya wageni anajikusanyia asilimia 5 ya leveli kila saa 8, hadi leveli moja na nusu, siku kumi za kupumzika. Watu wanatoka wenyewe kwa furaha. Final Fantasy XIV ilipokuja 2010 na mfumo wake wa uchovu ulioonekana kama adhabu, ulikuwa mmoja wa makosa mengi yaliyosababisha gemu zima lijengwe upya na kurudi Agosti 2013.

Bint Salama

Mkongwe umenena, lakini naomba turudi kwenye neno ugonjwa, maana Kipanga amelitupa na kuondoka. ICD-11 haina idadi ya saa. Inataka mambo matatu kwa pamoja: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mbele ya shughuli nyingine za maisha, na anaendelea ijapokuwa madhara anayaona. Tena kwa kawaida iwe imedumu miezi 12, na iwe imeharibu kweli masomo, kazi au mahusiano. Mtu wa saa 25 kwa wiki anayefaulu mitihani, anayelala na anayekula na wenzake mezani si mgonjwa. Wa saa 10 anayeiba kadi ya mama yake anahitaji msaada.

Nyumbani kosa kubwa ni kuchomoa waya katikati ya pango, ile safari ya mapigano ya kundi dogo. Mzazi anaona amezima gemu, kumbe mtoto amewatelekeza watu wanne, na magemu mengi yanamfungia anayekimbia kundi asiingie jingine kwa nusu saa hivi. Anarudi baadaye na hasira mbili, ya mzazi na ya wenzake. Muulize kwanza: "Uko katikati ya kitu? Kinaisha lini?" Pango la watu watano huchukua dakika 20 hadi 40, akisema itachukua muda wa saa tatu, hiyo ni reidi. Reidi mnaipanga mwanzoni mwa wiki, si usiku ule ule.

Kwa anayetaka kuacha mwenyewe, mpangilio una maana. Aanze kuondoa kadi ya benki kwenye akaunti. Kisha ajiuzulu majukumu ya chama, si kukaa kimya, awaambie wenzake tarehe ya mwisho, kwa sababu ujumbe wa "uko wapi leo?" ndio unaomrudisha. Kisha azime taarifa zote za simu. Kufuta mhusika kuje mwisho kama kutahitajika. Wengi wanaanza na kufuta, na kampuni nyingi zinamrejesha mhusika ukiomba. Na ajue wiki mbili za kwanza jioni zitakuwa ndefu mno, apange kitu cha kufanya na watu, saa ile ile ya reidi.

Kipanga

Dada, hilo la kuuliza kwanza nakubaliana nalo. Lakini mnanipa hila za nyumbani. Mimi naongelea sheria. Mnataka sheria iseme nini basi?

Nahodha wa Reidi

Iseme: usimwadhibu asiyekuwepo. Mfano wa karibu ni nguvu za Genshin, ile resini unayolipia mapango. Inajaa moja kila dakika 8. Kwa siku ni 180. Zamani chombo kilikuwa kinabeba 160 tu, yaani kinajaa kwa saa 21 na dakika 20. Anayeingia mara moja kwa siku, saa ile ile, amepoteza 20 kila siku, na 20 ndiyo bei kamili ya pango moja. Ili asipoteze inabidi aingie mara mbili. Mwaka 2024 wakapandisha chombo hadi 200, saa 26 na dakika 40. Tofauti ni ya 40 tu, lakini mtu mwenye ratiba ya kawaida sasa anatosheka na mara moja.

Final Fantasy XIV wana nyumba: usipoingia siku 45, inabomolewa. Mtu analipa ada ya mwezi kulinda ukuta asioutazama. Sheria ipige hapo, kwenye vyombo vinavyojaa haraka, kwenye nyumba zinazobomolewa, kwenye zawadi za kuingia siku 28 mfululizo ambazo ukikosa moja unaanza upya.

Fundi Namba

Na uwezekano uandikwe, kisha ukaguliwe. Kuandika peke yake hakutoshi. Januari 2024 Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya woni bilioni 11.6 kwa sababu ya gemu lake la MapleStory: uwezekano kwenye vile vijiwe vya kuongeza nguvu ulibadilishwa bila kutangazwa, na baadhi ya michanganyiko iliyotafutwa sana ilishushwa hadi sifuri. Watu walikuwa wananunua kisichokuwepo. Machi mwaka huo huo kuandika uwezekano kukawa lazima kisheria.

Mkongwe

Nahodha, hoja yako ya chombo ina tundu. Ukiamuru kibebe saa 48, kampuni haitakipanua hadi 360. Itaacha 200 ile ile na kupunguza kasi, moja kila dakika 14 na nusu hivi. Sheria imetimizwa, mchezaji amepata zaidi kidogo ya nusu, na pembeni kuna kitufe cha kujaza kwa vito, hadi mara 6 kwa siku.

Nahodha wa Reidi

Basi kitufe hicho kisionekane kabisa kwenye akaunti ya mtoto. Kasi waipunguze watakavyo. Bila kitu cha kuuza, hawana faida ya kumnyima.

Kipanga

Na akaunti ya babu?

Bint Salama

Kwenye akaunti ya babu kuna kadi ya babu. Ndiyo maana nilisema kadi itangulie.