Mjadala: Hedifoni ya bei kali, tuihukumu kwa grafu au kwa sikio?

Fundi wa Kenya: Ndugu zangu wa Lubumbashi, tangu mtaa wangu wa Kenya mpaka Katuba, jana tumebishana studio mpaka umeme ukakatika, basi naileta kesi hapa. Kijana mmoja kaagiza kaske, yaani hedifoni, ya zaidi ya dola 1,000 bila kuivaa hata dakika moja. Eti grafu yake, ile michoro ya kipimo inayoonyesha sauti nzito na nyembamba zinatoka kwa nguvu gani, inafuata mstari wa Harman, yaani mfano wa sauti nzuri uliotoka kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, inatosha. Mimi nakataa. Mtafiti Sean Olive na wenzake pale Harman waliupata mstari huo kwa kuwasikilizisha watu na kuwauliza wanapenda nini. Chanzo chake ni masikio! Na hata kati ya watu wale, wapo waliotaka besi (sauti nzito) zaidi, wapo waliotaka pungufu.

Mtoto wa Katuba: Yaya, mkubwa wangu, sikio ndilo tapeli wa kwanza. Siku ile ulipotulinganishia hedifoni mbili, uliyoisifu ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa. Ikizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili tu, msikilizaji hasemi "hii imepandishwa", anasema "hii ina uhai". Ile Sennheiser HD 600 yako ni toleo la 1997, ina ukinzani wa omu 300, simu haiisukumi vya kutosha. Umeichomeka kwenye simu, imetoa sauti ya mgonjwa, ukaitangazia msiba. Sawazisha sauti kwanza.

Fundi wa Kenya: Hapo umenishika. Leo nimesawazisha, nikarudia, na nusu ya maneno yangu ya jana nayameza. Lakini ile mpya ya yule kijana bado inanichoma kila mwimbaji anapotamka "s". Kwenye grafu sioni kitu.

Mtoto wa Katuba: Huko juu kwenye sauti nyembamba, kuanzia hezi 8,000 hivi, grafu inaonyesha sikio la kichwa bandia cha kupimia, si lako. Umbo la sikio na namna ulivyoivaa vinabadilisha mambo. Shusha desibeli 3 kwa ikwalaiza, ile ya kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti, kisha sogeza sehemu hiyo taratibu mpaka "s" itulie.

Mama wa Kwaya: Wanangu, na mimi niseme. Nilijaribu hedifoni ya kufunika masikio iliyosifiwa kwa besi, nikasikia gitaa la besi kama liko nyumba ya jirani. Nikavua miwani: likarudi! Mkono wa miwani ulikuwa umeacha upenyo. Kichwa cha kipimo hakivai miwani.

Mtoto wa Katuba: Kweli, mama. Ila usiizibe hasara hiyo kwa ikwalaiza tu. Ukipandisha besi desibeli 6, shusha sauti ya jumla 6, la sivyo vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, unasikia mkwaruzo, unamlaumu mtengenezaji.

Fundi wa Kenya: Kama ikwalaiza inatibu yote, dola 1,000 za nini?

Mtoto wa Katuba: Haitibu yote. Hedifoni dhaifu ukiisukuma besi inakoroma. Na ile inayobana kichwa, hakuna kitufe cha kuilegeza.

Fundi wa Kenya: Haya, Jumamosi studio. Mama, njoo na miwani yako. Mimi nitafunga macho. Ila kitufe cha sauti asikishike aliyelipa hizo dola.