Tupeane uzoefu: maua yanayochanua kiangazi hapa Lubumbashi

Mama wa Katuba
Jambo wapenzi wa maua. Mvua imetuaga tangu Aprili, vumbi jekundu limeshika hadi mapazia, na baridi ya usiku bado haijatuachia. Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, iko mlangoni. Asubuhi yake tunaenda kusafisha makaburi ya wazee wetu, na kila mara nakutana na watu wamebeba maua ya plastiki. Ukiwauliza, wanasema kiangazi hakina maua. Mimi sikubaliani. Wazazi walionilea wanastahili ua lililo hai, na lupango zetu, yaani viwanja vya nyumba zetu, zinaweza kulitoa.

Kwangu nategemea krizantemu za njano na nyeupe. Ulaya ua hili husubiri majira ya majani kupukutika, mchana unapofupika, ndiyo maana Wafaransa hulipeleka makaburini tarehe 1 Novemba. Hapa kwetu mchana ni mfupi mwaka mzima, urefu wake haufiki saa 13 hata Desemba, kwa hiyo krizantemu haina msimu wa kusubiri: ikishakomaa, inachanua. Kazi ya kupanga tarehe inabaki kwangu. Mwezi wa tatu, mvua zikianza kuaga, nakata ncha za mashina ya zamani, urefu wa kidole, nazichomeka kwenye udongo wenye mchanga, kivulini. Zikishika mizizi na kufika kimo cha kiganja, nazidonoa ncha kwa ukucha ili zitoe matawi. Leo asubuhi nimeinamia tumba moja: nje bado kijani, katikati pamechungulia njano kama kiini cha yai.

Wenzangu, kwenu kumechanua nini, na mnakitunza vipi?

Papa wa Bel-Air
Bugenvilia. Ukuta mzima ni zambarau, na sijaimwagia hata kopo la maji tangu mvua ikatike.

Fundi wa bustani
Papa amesema kweli tupu. Kutunza bustani za watu ndiyo kazi yangu, na kila kiangazi nabishana na wenye nyumba wanaotaka bugenvilia imwagiliwe kila jioni. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na kiu kidogo ndiyo inayouchochea kuchanua. Ukiushibisha maji na mbolea ya kuku, unakupa majani matupu. Chumeni moja muiangalie kwa karibu: kile tunachokiita ua ni majani matatu mepesi yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyomo katikati. Ndiyo maana rangi inadumu sana mtini. Iliyopandwa kwenye chungu ni habari nyingine, mizizi yake haina pa kwenda. Hiyo ipeni maji udongo ukikauka. Kupogoa, subirini rangi ianguke, maana machipukizi mapya ndiyo yatakayochanua tena.

Niongeze poinsetia, mti ule wa majani mekundu juu. Ulaya ni ua la Noeli, kwetu unawaka Juni na Julai, na watu wanashangaa. Mti huu unafuata usiku. Usiku ukirefuka, majani ya juu yanageuka mekundu, na sisi wa kusini mwa ikweta usiku wetu mrefu ni wa Juni. Nina mteja aliyekuwa na miti miwili kwenye ukuta mmoja: wa ndani mwekundu kabisa, wa getini kijani kibichi. Alitaka kuung'oa ule wa getini, akidhani unaumwa. Nikapita usiku, nikakuta taa ya ulinzi inaumulika mpaka asubuhi. Tukaigeuza taa iangalie barabara, na mwaka uliofuata ukawaka sawasawa na mwenzake. Wenye watoto muangalie: utomvu wake mweupe unawasha ngozi na macho. Mkiukata, naweni mikono.

Yaya wa Ruashi
Aksanti, fundi. Mimi shida yangu ni maji. Bomba linakauka siku kadhaa, na kisima cha lupango kinashuka kadiri Septemba inavyokaribia. Siwezi kuyamwaga kwenye maua wakati watoto hawajaoga. Kwa hiyo tagete (marigold) na waridi zangu zinakunywa maji yaliyooshea mboga na mchele. Yenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, au sabuni nyingi siyapeleki kabisa.

Nachukua chupa ya plastiki, natoboa matundu mawili matatu chini kwa msumari wa moto, naizika hadi shingoni kando ya shina, halafu naijaza. Maji yanashuka taratibu kwenye mizizi, jua haliyapati. Anayemwagia kwa kopo afanye asubuhi. Ukilowesha majani jioni Juni au Julai, yanalala na baridi, na waridi zinaingiwa na magonjwa ya ukungu. Tagete nayo inataka mkono: kila ua linalokauka nalikata kabla halijafunga mbegu, la sivyo mmea unaacha kuchanua.

Mwanafunzi
Yaya, udongo unaufunika na majani makavu?

Yaya wa Ruashi
Hapana, mdogo wangu. Huku kwetu majani makavu yanaita mchwa. Naweka kokoto.

Fundi wa bustani
Kokoto ni sawa, ila ziache nafasi kidogo kuzunguka shina.

Mama wa Katuba
Nimefurahi sana. Sasa la mwisho: kutoka hapa hadi makaburini ni safari na jua. Mnafanyaje maua yasinyauke?

Yaya wa Ruashi
Kata jioni ya tarehe 31, ondoa majani ya chini, yalaze usiku kucha kwenye ndoo ya maji, mahali pa baridi. Safarini funga mashina kwa kitambaa kilicholoa. Ukifika, zika kopo lenye maji kwenye udongo wa kaburi, uyasimamishe humo.

Fundi wa bustani
Poinsetia ikikatwa, ichome ncha ya shina kwa moto wa kiberiti ili utomvu ukome. Bugenvilia msiikate jioni, inanyauka upesi. Ikatwe asubuhi ile ile.

Papa wa Bel-Air
Basi anayetaka aje kwangu tarehe 1, saa kumi na mbili asubuhi. Ukuta unatosha watu wengi. Mje na mkasi na glavu, ina miiba mirefu.