Kuchora "0" kwenye chuma si gredi! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia

Asalaam alaykum wanajamvi. Leo salamu fupi, nina hasira tangu alfajiri.

Mie fundi wa injini, karakana yangu ipo Mwanakwerekwe. Kazi nyingi ni dizeli, za gari na za boti za wavuvi. Miezi mitatu nyuma niliagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar rula ya chuma ya kupimia unyoofu, ile tunayoiita streti eji, ya milimita 500. Nikamwambia wazi: nataka gredi 0 ya DIN 874, kiwango cha Kijerumani cha rula hizi. "Ipo mkuu, orijino ya Kijerumani." Kwa bei aliyonitajia ningenunua mbuzi wawili wa Idi na nikabaki na nauli. Nikatuma pesa.

Ikashuka na boti bandarini Malindi, inang'aa, "0" imechorwa vizuri. Namba ya chuma chenyewe, ile ya kukitambulisha, haina. Karatasi yake ya vipimo imeandikwa "PASS" tu. Hapo ndipo nilipotakiwa kuirudisha, nikajifanya mjanja.

Likaja hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, la boti. Naliwekea rula, fila (kile kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05 inapita katikati. Nikasema limepinda, lipigwe fesi, yaani uso wake usagwe unyooke. Limesagwa, limerudi, naweka rula: fila inapita vilevile! Nikamgombeza kijana wa mashine mbele za watu (nimeshamwomba radhi), nikamwambia asage tena. Likarudi, yale yale. Kuja kupima kimo cha hedi, limeshapita kiwango cha chini kwenye kitabu cha injini. Mwenye boti anadai hedi jingine, na haki yake. Lile la kwanza halikuwa na kosa lolote. Iliyopinda ni rula.

Nimejuaje? Nilichukua streti eji ya zamani aliyoniachia marehemu fundi wangu, na nyingine nikaazima kwa jirani. Hizo mbili ukizikutanisha ukingo kwa ukingo mbele ya taa, mwanga hauonekani. Ukiiweka yangu mpya na yoyote kati ya hizo, ncha zinagusana na katikati panapitisha mwanga, na fila ya 0.05 inaingia kama inaingia mlangoni kwao. Ndiyo maana nilikusanya tatu. Mbili peke yake zingeweza kudanganyana, moja ina tumbo na nyingine ina shimo, zikakaa pamoja kama kifuniko na chungu.

Nikampigia muuzaji. Anajibu: "Gredi 0 maana yake kosa ni sifuri, haiwezekani." Hapo nikajua muuzaji mwenyewe hajui anachouza. Sifuri gani? Kwa DIN 874 rula ya nusu mita inaruhusiwa kukosea kiasi cha mikroni 4 (mikroni elfu moja ni milimita moja) ikiwa 00, 7 ikiwa 0, 12 ikiwa 1, na 20 ikiwa 2. Namba ikipanda, ubora unashuka. Waingereza wana yao ya herufi A na B. Na gredi bila urefu ni maneno matupu: ya mita nzima gredi 0 inaruhusiwa mikroni 12, sawa na yangu fupi ingekuwa gredi 1. Sasa ya kwangu, fila ya 0.05 ikipita, ina 50! Hata gredi 2 haimkubali huyu mtoto.

Kubanwa, akaja na jipya: "Ni joto la Zanzibar, kaka." Wallahi nilicheka. Kweli vipimo hivi husomwa kwa digrii 20, na karakana yangu mchana ni 31. Lakini chuma kikipata moto sawasawa chote kinarefuka tu, hakipindi. Kinachopinda ni kile kilichopata moto upande mmoja, kama ukikishika kwa kiganja muda mrefu au ukikiacha juani. Rula ya nusu mita yenye kimo cha milimita 40, ukingo wa juu ukizidi wa chini kwa digrii moja tu, inakunjika kiasi cha mikroni 9. Hilo nalijua, ndiyo maana niliiacha usiku kucha mezani, juu ya vipande viwili vilivyo kiasi cha sentimita 11 kutoka kila ncha ili isilegee katikati, nikapima kabla ya jua kutoka. Fila ikapita. Joto gani hilo la saa kumi na moja alfajiri linalochagua rula moja na kuziacha mbili?

Sitaki ubishi na mtu wa "si ungenunua ya bei kubwa". Bei kubwa nililipa.

Ninachouliza: nani humu kanunua vipimo Dar vyenye "0" au "00" halafu karatasi yake haina namba ya chuma wala kosa lililopimwa? Aweke picha hapa, afunike majina. Na mwenye hedi la aina hiyo, hata la mtumba, Unguja au Pemba, aniambie bei kabla mwenye boti hajanifuata nyumbani.

Rula nimeshaifunga kwenye gazeti. Inarudi na boti ya asubuhi, na mie nipo nayo.